Usipake Rangi Juu ya Kutu: Namna ya Kutengeneza Bodi ya Land Rover Kuukuu Nyumbani

Katika mashamba mengi kutoka Kitale mpaka Bungoma yako magari ya Land Rover yaliyokwisha maliza miaka arobaini, hamsini, na hata sitini. Mengine bado yanatembea. Mengine yamelala chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani, na mwenyewe akiulizwa husema, "Hilo limekwisha." Mara nyingi halijaisha. Injini ipo, giaboksi ipo, na bati za nje hazijaoza. Kilichoharibika ni vyuma vichache tu. Vyuma hivyo mkulima mwenye subira, akisaidiwa na fundi wa kuchomelea, aweza kuvitengeneza katika uwanja wa nyumba yake.

Mwezi huu tutaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo. Lakini kwanza nitawasimulia wasomaji kosa langu mwenyewe, maana kosa la mwenzako ni mwalimu asiyedai karo.

KOSA NILILOLIFANYA

Gari letu ni Land Rover refu la mwaka 1967. Baba alilinunua mnadani karibu na Kitale katika mwaka 1979, wakati alipokuwa akilima shamba lake la makazi. Kwa gari hilo alipeleka mahindi ghalani, akaleta mbolea, na usiku mwingi akawapeleka akina mama hospitali. Alipozeeka alirudi nyumbani Bumula na gari lake, na alipofariki likawa mkononi mwangu.

Katika mwaka 2011 nililipeleka kwa mafundi wa bodi. Wakanyosha mabonde, wakajaza pati, wakapaka rangi ya kijani. Lilipotoka lilimeta kama sufuria mpya. Siku ya soko pale Myanga watu walilizunguka wakilisifu, nami nikavimba kichwa.

Miaka miwili baadaye, wakati wa mavuno, nilifunga trela nyuma yake. Ndani ya trela mlikuwa na magunia kumi ya mahindi, kila gunia kilo 90. Katika mteremko wa daraja nilisikia mlio kama tawi kubwa likivunjika. Nilipogeuka niliona trela linakwenda peke yake, likaacha barabara na kuanguka mtaroni. Chuma cha nyuma cha chasisi kilikuwa kimeng'oka chote pamoja na ndoano ya kuvutia. Watoto wa shule walikuwa wakitembea kando ya barabara. Trela lile liliwapita kwa hatua kumi.

Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikulala.

Asubuhi nilimwita fundi mmoja mzee ambaye alianza kazi hii kabla sijazaliwa. Hakutazama rangi. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga hapa na pale huku akisikiliza. Alipotoka alijipangusa mikono, akasema, "Kijana wangu, umemvika maiti kanzu mpya."

Mama watoto naye alitoa neno lake. "Baba, uza chuma chakavu. Na kama huuzi, basi ulitengeneze kweli. Mtoto wangu hapandi gari hilo mpaka mzee huyu alale tena chini yake, agonge mbele ya macho yangu, na aniambie lipo salama."

Hayo ndiyo yaliyonifanya nijifunze kazi ninayoieleza sasa.

GARI LA MKULIMA TANGU MWANZO

Wengi hudhani kwamba Land Rover ilibuniwa kwa ajili ya askari au wawindaji. Sivyo. Aliyeibuni, Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alitumia gari la Jeep lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Alitaka gari jingine la kufanya kazi za shamba: kuvuta, kubeba, na hata kuzungusha mashine kwa nguvu ya injini. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948.

Wakati ule chuma kilikuwa adimu Uingereza, na Serikali yao ilikigawa kwa kipimo. Lakini alumini ilikuwapo, kwa sababu viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na chasisi ikatengenezwa kwa chuma. Desturi hiyo iliendelea hata chuma kilipopatikana kwa wingi, na hata magari yalipounganishwa hapa kwetu Kenya, katika kiwanda cha Thika kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Magari ya ukoo huo wa zamani yaliacha kutengenezwa Uingereza tarehe 29 Januari 2016.

Mkulima anayetaka kulitengeneza gari hili lazima alijue jambo hili moja: nje ni alumini isiyoshika kutu nyekundu, ndani ni chuma kinachooza. Ndiyo maana gari laweza kuonekana zima kwa macho huku mifupa yake imekwisha.

CHUKUA SUMAKU NA NYUNDO

Kabla ya kununua hata debe moja la rangi, tafuta sumaku. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa yatosha. Ipitishe juu ya gari lote.

Madigadi, boneti, paa, bati za nje za milango na sanduku la nyuma ni alumini, na sumaku haitashika. Chasisi, fremu za milango, na ule ukuta unaotenga injini na dereva ni chuma, na sumaku itashika kwa nguvu. Ikiwa mahali fulani pa chuma sumaku hainati, ujue kwamba hapo chuma kimekwisha na mtu amejaza pati.

Kisha lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kila shubiri moja. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hulia kama chungu chenye ufa, na bisibisi huzama ndani. Angalia hasa mahali hapa:

1. Chuma cha nyuma kinachokingama, penye ndoano ya trela. Hapo matope ya magurudumu hukaa daima.

2. Mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi.

3. Mashikio ya springi, ya mbele na ya nyuma.

4. Sakafu ya miguu ya dereva na abiria, na vitako vya nguzo za milango.

Chasisi ya gari hili ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo, na tundu za kutolea maji huziba. Basi chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona kitundu kidogo kama punje ya mtama, ndani yake lipo shimo la kuingiza ngumi.

Weka alama ya chaki kila mahali pabovu, kisha hesabu alama zako. Ikiwa chasisi imeoza pande zote mbili toka mbele mpaka nyuma, usipoteze fedha. Tafuta chasisi nyingine nzima yenye hati zake. Ikiwa ni alama kumi au kumi na tano, kazi hiyo yafanyika.

KUFUNGUA BILA KUVUNJA

Bodi ya Land Rover imefungwa kwa bolti kipande kwa kipande, na hiyo ni neema kubwa kwa mtu asiye na karakana. Madigadi yaliyopondeka yatoka peke yake, na mlango watoka peke yake.

Lakini bolti za miaka hamsini hazitoki kwa ghadhabu. Zisugue kwa brashi ya waya, zitie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uziache zilale. Asubuhi ongeza tena. Bolti inayokataa kabisa ikatwe. Usiipige mpaka ukapasua alumini iliyo karibu nayo.

Tia bolti za kila kipande katika kopo lake, na uandike juu ya kopo zimetoka wapi. Mimi nilidharau shauri hili siku ya kwanza. Wakati wa kurudisha nilipoteza siku mbili nzima nikitafuta bolti za mlango mmoja.

KUCHOMELEA

Kazi hii mpe fundi mwenye mashine na uzoefu, lakini simama karibu, maana gari ni lako. Yako makosa manne ambayo mkulima apaswa kuyakataa.

La kwanza ni bati jembamba. Chasisi ilitengenezwa kwa bamba la unene wa milimita 2 hivi. Kiraka kiwe cha milimita 2 au 3. Yuko fundi atakayetaka kukata kipande cha bati la nyumba lililobaki. Mkataze. Bati la kuezekea halibebi chasisi.

La pili ni kuchomelea juu ya kutu. Kata pabovu pote mpaka ufike kwenye chuma cheupe kinacholia vizuri, ndipo uweke kiraka. Kiraka juu ya kutu ni kama jembe lililofungwa kwa kamba ya mgomba.

La tatu ni kukata vitu vingi kwa pamoja. Badilisha mkono mmoja, umalize, ndipo uende kwa mwingine. Kabla ya kukata nguzo au sakafu, funga vyuma vya muda kukingama tundu za milango, ili milango isije ikakataa kufunga baadaye. Pima chasisi kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, kama tupimavyo msingi wa nyumba. Kamba mbili za kukingama zikiwa sawa, gari limenyoka.

La nne ni kuharibu namba ya chasisi. Katika magari mengi ya zamani ya aina hii namba imegongwa kwenye chuma cha mbele, upande wa kulia, karibu na shikio la springi. Usikate wala usisage mahali hapo. Gari lisilo na namba litakuletea mashaka mbele ya polisi, hata kama ulirithi kwa baba yako.

KUNYOSHA ALUMINI

Kazi hii niliipenda kuliko zote. Alumini iliyopondwa huwa ngumu, na ukiipiga hivyo hivyo hupasuka. Lazima ilainishwe kwa moto. Tabu yake ni kwamba alumini haiwi nyekundu kama chuma. Hukaa na rangi yake ile ile, kisha ghafula huyeyuka.

Mafundi wa zamani walikuwa na hila yao. Ondoa rangi kwanza. Paka sabuni ya mche juu ya bonde, kisha pitisha moto wa gesi polepole kutoka upande wa nyuma, bila kusimama mahali pamoja. Sabuni itakuwa ya kahawia, kisha nyeusi. Ikiwa nyeusi, ondoa moto mara moja na uache ipoe. Sasa alumini ni laini. Weka chini yake gunia dogo la mchanga, upige kwa nyundo ya mti, polepole, ukianzia ukingoni mwa bonde kuelekea katikati. Ikianza kuwa ngumu tena, rudia sabuni na moto.

Usitake inyoke kama kioo. Gari la shamba si la arusi. Pati kidogo, isiyozidi unene wa ukucha, itamaliza yaliyobaki.

ADUI ASIYEONEKANA

Utakapofungua bati utaona mahali fulani unga mweupe, na alumini imeliwa mpaka imetoboka. Huo si uchafu. Alumini na chuma vikigusana penye maji, umeme mdogo hupita kati yao, na alumini ndiyo inayoliwa. Ni kazi ile ile ya betri.

Dawa yake ni kuvitenga. Paka rangi pande zote mbili kabla ya kuzifunga, na katikati weka ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu. Tumia bolti zilizopakwa zinki na uzitie grisi. Tena usisugue alumini kwa brashi ya waya wa chuma, maana chembe za chuma hubaki ndani yake na kuanzisha ugonjwa huo huo. Tumia msasa wa maji au kisugulio cha sufuria cha plastiki.

RANGI HUJA MWISHO

Chuma kipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Alumini haishiki rangi hiyo vizuri. Baada ya mvua mbili hutoka kama ganda la kitunguu. Alumini hutaka praima yake maalum inayouma bati. Uliza dukani kwa jina la kazi yake, na usome maandishi ya debe, maana si kila rangi hupatana na kila praima.

Paka wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, asubuhi umande ukisha kauka na kabla upepo wa mchana haujainua vumbi. Mwaga maji uwanjani ili vumbi litulie. Ikiwa huna mashine ya kupulizia, brashi nzuri yatosha. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Bomba la kupulizia dawa za mimea lisitumike kwa rangi, wala lolote lililotiwa rangi lisirudi shambani.

Mwisho kabisa, zibua tundu zote za kutolea maji katika chasisi, na utie ndani yake nta ya kuzuia kutu mpaka itiririke. Wako wanaotumia oili chafu ya injini. Haifai. Yachafua udongo na visima, na ni mbaya kwa ngozi ya mtu.

TAHADHARI

1. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara au vyuma vya kusimamishia.

2. Kabla ya kuchomelea, fungua nyaya za betri na uondoe tangi la petroli, ambalo mara nyingi hukaa chini ya kiti. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli hulipuka.

3. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi ndani yake. Usizisugue zikiwa kavu. Tumia msasa na maji, na watoto wakae mbali.

4. Chuma chenye zinki kikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa jioni. Saga zinki kwanza, ufanye kazi nje penye upepo. Kunywa maziwa si kinga.

5. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe, kwa sababu laweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

HESABU NA WAKATI

Mimi nilianza wiki ya kwanza ya Desemba, mahindi yakiwa ghalani, nikamaliza kabla ya mvua za Machi. Fundi wa kuchomelea alikuja siku sita tu. Siku nyingine zote zilikuwa zangu na za vijana wangu, za kusugua, kufungua na kunyosha. Nilitumia nusu ya bamba la chuma la futi 8 kwa 4, praima ya alumini lita 4, rangi nyekundu ya chuma lita 4, na rangi ya juu lita 8. Yafaa mkulima aandike kila senti daftarini kabla ya kuanza, kisha alinganishe na bei ya gari jingine. Akiona fedha hazitoshi mwaka huu, atengeneze chasisi tu na aache rangi mpaka mwaka ujao. Asifanye kinyume chake, kama nilivyofanya mimi.

Ukibadilisha rangi ya gari, wapashe habari NTSA ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe. Na kila Desemba, baada ya mavuno, osha matope ya chini na upitishe nyundo tena. Ni kazi ya nusu saa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Gari letu lilipokuwa tayari, sikulipeleka sokoni. Nilimwita yule fundi mzee. Mama watoto alisimama pale pale uwanjani, mikono kifuani. Mzee alilala chini akagonga toka mbele mpaka nyuma, na kila pigo lilirudi na sauti ya kengele. Alipofika kwenye chuma cha nyuma aligonga mara tatu.

"Umesikia, mama?" akauliza.

"Nimesikia," akajibu. Hakusema neno jingine. Aliwaita watoto, akafungua mlango, wakapanda.